Siku moja kwenye banda la baiskeli za kukodi

Wapita njia wengi huiona kazi yetu nyepesi: unaandika jina, unatoa baiskeli, jioni unaipokea, unafunga mlango. Njia yenyewe inapendeza, maji upande mmoja na vilima upande wa pili, basi wanadhani na sisi tunapunga upepo kutwa. Nitaeleza Jumamosi moja ya msimu wa wageni, saa kwa saa, kwa sababu kuna jambo linaniuma. Mwisho wa mwaka wakubwa huangalia namba moja tu, jumla ya baiskeli zilizokodiwa, kisha hutangaza kwamba njia imependwa au imechokwa. Namba ile haisemi hivyo. Inasema baiskeli nzima zilikuwa ngapi, zilikuwa wapi, na saa ngapi. Kuhakikisha hayo matatu ndiyo kazi inayotuchosha.

Saa 12:00 asubuhi

Kila baiskeli inapita mikononi mwetu kabla ya mteja wa kwanza. Tunaanza na hewa. Baiskeli za kawaida zina tairi za upana wa milimita 38, nazo tunazijaza presha ya paundi 50 hadi 60 kwa inchi mraba, ya nyuma ikizidi ya mbele kidogo kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito. Tunatumia pampu yenye geji, si kidole gumba. Tairi lenye paundi 25 ukilibonyeza utaliona gumu, lakini likigonga ukingo wa daraja tyubu inabanwa kati ya tairi na rimu, inatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Tyubu ikirudi na alama hiyo, hakuna haja ya kutafuta mwiba. Hewa ilikuwa ndogo tangu asubuhi.

Breki zinafuata. Binya mkono wa breki: ukifika mpaka kugusa mpini wa usukani, ama waya umelegea ama raba zimekwisha. Kisha inua gurudumu la mbele sentimita 5 kutoka chini uliachie, usikilize. Mlio wa kitu kilicholegea mara nyingi hutoka kwenye beringi za usukani au madigadi. Cheni tunaipima mara moja kwa wiki kwa rula. Jozi 12 za vipande, kutoka pini hadi pini, zinatakiwa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, imerefuka kama nusu asilimia na inabadilishwa. Ukiivumilia mpaka 1/8 itakuwa imeshakula meno ya friwili, na hapo utanunua vyote viwili. Cheni za kukodi huchakaa mapema kuliko za nyumbani: vumbi, unyevu wa chumvi, na watu wanaobadilisha gia huku wamekanyaga pedali kwa nguvu zote mlimani.

Isiyofaulu inafungwa kitambaa chekundu, inaenda kwa fundi. Kwa kundi la baiskeli 40, nne kuwa kwa fundi ni hali ya kawaida, kwa hiyo asubuhi hii zinazotoka ni 36. Nane kati ya hizo ni za umeme.

Saa 2:00 asubuhi

Foleni. Hapa watu hupoteza uvumilivu kwa sababu ya kiti, na sisi hatuharakishi. Mteja anakaa, anaweka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, na mguu unatakiwa unyooke. Akihamishia unyayo wa mbele kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wageni wengi wanataka kiti kiwe chini ili miguu yote ikanyage ardhi. Wakikubaliwa, magoti yanaanza kuuma kabla ya nusu ya safari na simu inaita bandani. Dakika mbili za spana asubuhi zinaokoa saa nzima ya gari jioni.

Swali la mwisho kwenye fomu ndilo zito kuliko yote: utairudisha wapi? Njia yetu ina kilomita 34 na vituo vitatu, hiki cha mwanzo, cha katikati na cha mwisho. Baiskeli ya kawaida unaweza kuiacha kituo chochote. Ya umeme inarudi hapa, kwa sababu chaja ziko hapa.

Kufikia saa 4:30 zimetoka 31.

Saa 5:00 hadi saa 8:00 mchana

Kimya. Tunaziba pancha, tunaosha helmeti, tunapokea wachache waliochukua za nusu siku. Ndizo saa nzuri za kusoma daftari, na daftari likisomwa vizuri lina mengi.

La kwanza ni mvua. Utabiri unaua ukodishaji kuliko mvua yenyewe. Watu huamua usiku wa kuamkia safari. Wakiona wingu kwenye simu wanaghairi, na kesho yake jua likiwaka hakuna anayerudi. Mvua ya ghafla ya mchana haipunguzi jumla hata kidogo, maana baiskeli zimeshatoka. Inachobadilisha ni saa ya kurudi: zote zinarudi kwa mpigo, zimejaa mchanga kwenye cheni.

La pili ni baiskeli za umeme, nazo ndizo zimevuruga hesabu za miaka ya karibuni. Zamani mtu wa umri mkubwa alichukua saa mbili, akafika kilomita ya 8, akageuka. Baiskeli ileile ilikodiwa tena mchana. Sasa mtu huyohuyo anachukua ya umeme kutwa nzima na kufika mwisho. Kwenye daftari, mistari miwili imekuwa mmoja. Mwenye haraka atasema matumizi yameshuka nusu, wakati kilomita zimeongezeka mara mbili na zaidi. Ndiyo maana tunaandika saa za matumizi pembeni ya idadi, na ningependa kila banda lifanye hivyo.

La tatu linachukua miaka kuonekana. Njia ikiwa mpya, karibu kila mtu anakodi kwa sababu amekuja kuonja tu. Wanaokaa karibu wakiizoea wananunua baiskeli zao. Wanaendelea kuja, tena mara nyingi zaidi, lakini hawapiti mezani kwetu. Hapo ukodishaji unaweza kushuka huku njia ikizidi kujaa. Kujua ukweli unahitaji kihesabio cha njiani, nacho pia kina tabia zake. Nyaya zilizozikwa chini ya lami husikia chuma cha baiskeli, kwa hiyo zinaweza kuikosa yenye fremu na rimu za kaboni. Mpira wa hewa uliolazwa barabarani huhesabu magurudumu, na wawili wakipita sambamba unaweza kuandika mmoja. Jicho la miale linahesabu hata watembea kwa miguu. Ukilinganisha daftari na kihesabio, uliza kwanza ni cha aina gani.

Halafu kuna miaka isiyolingana na mingine. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, njia nyingi duniani zilipoteza wageni wa mbali na kupata majirani. Baiskeli zikatakiwa kila mahali kwa wakati mmoja, na cheni, tyubu na friwili zikaadimika mpaka mwaka uliofuata. Banda lililokosa vipuri lilikuwa na wateja mlangoni na vitambaa vyekundu ndani. Kushuka kwa namba za banda kama hilo kulisababishwa na ukosefu wa vipuri. Hamu ya watu haikupungua.

Umbo la njia nalo linaamua. Shimanami Kaido ya Japani, iliyokamilika kuunganisha visiwa kwa madaraja mwaka 1999, ina kama kilomita 70 kati ya Onomichi na Imabari. Watu wengi wanataka kwenda upande mmoja tu, ndiyo maana vituo vya kurudishia viko njiani. Otago Central Rail Trail ya New Zealand, iliyofunguliwa mwaka 2000 juu ya reli ya zamani, ina kilomita 152, na wengi huimaliza kwa siku kadhaa. Pale kukodi kumoja ni siku nne au tano. Ukiweka jumla za njia mbili kama hizi kwenye jedwali moja, unalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Saa 9:00 alasiri

Sasa kazi inageuka. Asubuhi hapakuwa na upepo. Mchana umeongezeka, nao unawapiga usoni wanaorudi. Waliopanga kurudi hapa wanaanza kuishia kituo cha katikati. Waliofika mwisho wanaacha baiskeli palepale na kupanda basi. Saa 9:40 kituo cha mwisho kina baiskeli 11 zisizo na mtu, cha katikati kina 9, na sisi tumebaki na mbili zenye viti vya watoto. Mezani wanafika watu wanne wanaotaka saa mbili za jioni, mwanga unapokuwa mzuri kuliko wakati wote. Tunawaomba radhi, wanaondoka. Kwenye daftari hawa wanne hawapo. Sisi tuna ukurasa wa nyuma tunakoandika walioondoka mikono mitupu, saa waliyofika na aina waliyotaka, na kwa maoni yangu ukurasa huo una thamani kuliko jumla ya mwaka.

Gari linaondoka saa 9:50 kwenda kukusanya. Linabeba 14: kumi kwenye trela, zimening'inizwa kwa gurudumu la mbele, na nne zimelazwa ndani. Mpango ni kupakia zote 11 za mwisho, kuongeza 3 za katikati, na kurudi kabla ya saa 11:30.

Saa 10:20 simu inaita.

"Mwanangu, hii baiskeli yenu imekufa."

"Shikamoo mama. Uko wapi?"

"Marahaba. Nipo huku mwisho kabisa. Mliniambia inakwenda kilomita 80."

Kibandiko kwenye fremu kinasema kilomita 80, na ni kweli, kwa msaada wa chini kabisa wa mota, njia tambarare, bila upepo. Betri ina wati-saa 400, ndicho kipimo cha umeme uliomo. Kwa msaada mdogo inakula wati-saa 5 hivi kwa kilomita. Kwa msaada mkubwa, penye vilima au upepo wa mbele, inakula 12 na kuzidi. Gawanya mwenyewe: 400 kwa 12 ni kilomita 33. Mama ametumia msaada wa juu tangu asubuhi na njia ina kilomita 34. Betri haina kosa, na mama naye hana kosa, kwa sababu kibandiko hakimwambii hayo. Lakini sasa ana baiskeli ya kilo 24 isiyosaidia, na zimebaki kilomita 34 za kurudi.

Tunamwomba aizime, aipumzishe. Wakati mwingine betri iliyopumzika hurudisha taa moja ya kuonyesha chaji, ila hiyo taa inaisha kwenye kilima cha kwanza, hivyo hatumruhusu kuondoka nayo. Anataka aiache pale apande basi. Kituo cha mwisho hakina chaja, na tukiiacha kesho tutaamka na za umeme saba badala ya nane, wakati za umeme ndizo zinazowekwa oda mapema. Anauliza kama atatozwa. Hatozwi. Anauliza tena. Anasema miguu inamuuma, kisha anasema jirani yake alikodi kwingine na haikufa, kisha anarudi kwenye zile kilomita 80. Simu inachukua dakika 17, na mezani wamesimama watu sita wenye baiskeli za kurudisha.

Dereva ameshapakia zote 11, nne ndani na saba kwenye trela. Ya umeme haiwezi kuning'inizwa kwenye trela, uzito unapinda kulabu. Lazima ilazwe ndani, betri ikiwa imetolewa na kufungwa peke yake isigongwe. Moja iliyolazwa ndani inahamia trela, ya umeme inachukua nafasi yake, betri inafungwa mkanda kitini, na mama anakaa mbele. Sasa zimekuwa 12, kwa hiyo katikati patachukuliwa 2 tu na 7 zitalala kule. Baada ya hapo saa hazifuatani tena. Baiskeli zinarudi tatu tatu, mmoja hana ufunguo wa kufuli, mwingine amepinda kile kisikio cha fremu kinachoshika kibadilisha gia kwa kuilaza upande wa cheni, watoto wanalia, giza linaingia. Kila inayopokelewa tunazungusha magurudumu yote mawili na kubinya breki mbele ya mteja, hata tukiwa tumechoka vipi, maana kasoro isiyoonekana usiku huu itaonekana kesho saa 2:00 mbele ya foleni.

Gari linafika saa 1:10 usiku. Betri ya mama haiingii kwenye chaja mara moja kwa kuwa bado ina joto. Tunaiacha ipoe kwanza.

Hesabu ya kufunga: zilizokodiwa 38, walioondoka bila kupata 4, wote kati ya saa 9:00 na saa 10:00. Zilizoko hapa ni 29, katikati 7, kwa fundi 4 za asubuhi, na kati ya zilizorudi ile ya kisikio kilichopinda inakuwa ya tano. Kibandiko cha kilomita 80 tumekibandua kwenye zote nane. Mahali pake tumeandika kwa kalamu ya wino usiofutika: msaada wa juu kilomita 30, msaada wa chini kilomita 80. Kesho ni Jumapili, watu hugeuka mapema ili wawahi nyumbani, kwa hiyo gari litaondoka saa 8:30 na litaanzia katikati.