Kima wa Lwiro

Kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, unapita Kavumu, kisha unaacha barabara kubwa na kupanda Lwiro, kwenye majengo ya watafiti wa enzi ya Wabelgiji. Hapo tangu 2002 pana kituo cha nyani yatima, karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega. Wageni wengi hukimbilia sokwe. Mimi nilibaki kwa kima.

Aliyenishika zaidi ni yule mwenye mstari mweupe unaoshuka puani hadi mdomoni, uso mzito wa bundi. Anakaa kimya, anakutazama, hakuombi kitu. Dume lake, samahani wazazi, lina makalio ya buluu ya kupindukia. Watoto wa shule waliokuwa nyuma yangu walicheka hadi mwalimu akashindwa kuwanyamazisha.

Mmoja ana alama kiunoni, ukanda usio na manyoya. "Ni kamba, mama," mlezi akaniambia. Mwindaji humpiga mzazi kwa ajili ya nyama, mtoto akauzwa sokoni. Akifungwa nyumbani anakua, kamba haikui. Nimewaona wa namna hiyo Bukavu, wamefungwa mlangoni mwa maduka, na watu wanawarushia karanga wakiona ni mchezo.

Shemeji yangu alilalamika njia nzima kwamba ndizi zinapewa wanyama na watu wana njaa. Pale getini tukakutana na mama mmoja wa kijijini, kapu mgongoni, amekuja kuuza ndizi zake kituoni. Shemeji akamuuliza bei.