Kompresa ya nyumbani: niliangalia tenki nikasahau upepo

Kompresa yangu ya kwanza, yaani mashine ya kushindilia upepo kwenye tenki, niliichagua kwa macho tu. Stika kubwa ya hosipawa 3, tenki la lita 24 linang'aa, magurudumu mazuri, nikasema hii hii. Na miezi miwili ya mwanzo ilinifurahisha kweli, najaza tairi, napuliza vumbi la mbao, napiga misumari midogo ya fremu, raha tupu. Alafu nikaamua kupiga rangi mlango wa kabati.

Nusu ya kwanza ikatoka safi, ukiacha vipele viwili vitatu ambavyo sikuvielewa. Nusu ya pili bunduki ya kupulizia rangi ikaanza kukohoa, rangi inatoka matone matone badala ya ukungu, mashine inanguruma haizimi, geji inashuka, mi nimesimama nangoja presha ipande na rangi nayo inazidi kukauka. Kesho yake niliukwangua mlango wote kwa msasa, upya.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne, ndo inavyouma. Tenki la lita 24 likishuka kutoka bar 8 mpaka bar 6 (bar ni kipimo cha presha) limekupa kama lita 48 za upepo, 24 mara 2, basi. Bunduki yangu ilikua inakula kama lita 250 kwa dakika na pampu inatoa kama 120, kwahiyo kila dakika napungukiwa lita 130 na akiba ni 48. Sekunde 22 hivi kwisha habari. Hata ningefunga tenki la lita 100 kwenye pampu ileile ningepata dakika moja na nusu tu. Tenki ni ndoo, pampu ndo bomba, ukichota haraka kuliko bomba linavyojaza utafika chini tu hata uweke pipa.

Kwahiyo siku hizi mtu akiniuliza achukue ipi namuuliza kwanza anataka kufanyia nini. Bunduki ya misumari inagusa upepo kidogo sana, mashine ndogo inatosha. Ya kufungulia nati za tairi inakula sana ila kwa sekunde chache, unafungua, unapumzisha, maisha yanaenda. Mashine ya msasa ya upepo na bunduki ya rangi ndo walafi, hazipumziki, msasa unaweza kwenda mpaka lita 300 kwa dakika, na hapo kompresa ya kubeba mkononi sahau kabisa.

Alafu soma vizuri namba za kwenye kibati kilichobandikwa kwenye mashine. Kuna namba ya hewa inayovutwa na namba ya hewa inayotoka, na ile ya kuvutwa ndo kubwa kwahiyo ndo inayoandikwa kwa herufi nene, wakati kinachofika kwenye hozi kinaweza kua pungufu kwa theluthi nzima. Angalia pia wamepima kwa presha gani, maana vifaa vingi vinataka psi 90 (psi nayo ni kipimo cha presha), karibu bar 6, sa ukipewa namba ya psi 40 utaona mashine ni dume kumbe wapi. Kama wameandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 28 upate lita kwa dakika.

Ya oili au isiyo na oili? Mi niko upande wa oili kama mashine inakaa sehemu moja, inadumu na kelele ni afadhali. Zile kavu ni nyepesi na hazitaki matunzo, ila nyingi zinapiga kelele balaa, isipokua hizi za kimya zilizotoka baadae. Na ndogo nyingi hazijatengenezwa kufanya kazi mfululizo, ukiambiwa asilimia 50 maana yake katika dakika 10 ifanye 5 ipumzike 5.

Umeme nao, usiivute kwa ekstensheni ndefu nyembamba, mota inapowaka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake na mwisho unaiunguza. Refusha hozi, acha waya mfupi.

Na chini ya tenki kuna koki ndogo ya kutolea maji, ifungue kila ukimaliza kazi. Mi yangu niliifungua kwa mara ya kwanza baada ya ule mlango, yakatoka maji mekundu ya kutu karibu kikombe kizima, ndo nikajua vile vipele vilitoka wapi.