Siku moja maishani mwangu: Corolla inayogoma asubuhi

Saa 12:30 asubuhi. Nafika gereji, hapa mtaa wa Gerezani, Dar, kabla vijana hawajaja. Jana nilimwomba mwalimu mstaafu aniachie Corolla yake AE100 ilale hapa. Ugonjwa wake ni wa asubuhi, na injini iliyopoa vizuri unaipata mara moja tu kwa siku. Ukiwasha ovyo, subiri kesho.

Saa 12:50. Betri volti 12.5. Dogo anapiga stata, inashuka hadi 10.6 na stata inazungusha vizuri. Hizo mbili naziacha. Injini haishiki, mara ya nne inakohoa, inatetemeka, inazima. Nachomoa plagi: kavu. Cheche ipo, ya bluu. Basi injini inanyimwa mafuta.

Lakini gereji nyingine ilishamfungia pampu mpya ya mafuta na plagi nne! Hili linaniuma sana. Pensheni ya mtu imeliwa, na taa ya injini inawaka pale pale kwenye dashibodi. Aliambiwa magari ya zamani ndivyo yalivyo.

Saa 1:15. Gari la umri huu linasema lenyewe. Kwenye kiboksi cha plastiki ndani ya boneti naunganisha matundu mawili ya kupimia, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, nafungua swichi bila kupiga stata. Taa inamweka mara mbili, inatulia, mara mbili tena. Dogo anahesabu kwa vidole. Namba 22: hitilafu kwenye sensa ya joto la maji ya injini. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikikosa taarifa zake, inachukulia injini ina nyuzi 80, hivyo haiongezi mafuta ya kuwashia asubuhi.

Wengi hapo wangekimbilia Kariakoo kununua sensa. Naipima ukinzani wa umeme kwanza: omu 2,000 hivi, nzima kabisa kwa joto la asubuhi hii. Navuta waya wake taratibu. Mmoja unanyooka kama mpira; shaba imekatika ndani, ganda la nje tu ndilo linaushikilia, na kwenye soketi kuna ukoga wa kijani. Nakata, naunga kwa lehemu, navisha ganda jipya, nachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta) kwa muda ili kufuta kumbukumbu ya kontroli boksi. Injini bado ya baridi. Stata moja, imewaka.

Saa 3. Chai na chapati.

Saa 3:30. Imepata moto, sasa sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta: inapanda, inashuka, ukiweka gia ya D injini inazima. Kwenye foleni ya Dar hiyo ni hatari. Nasikia mluzi mwembamba. Napulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye mipira ya hewa. Nikifika ule mfupi unaotoka kwenye kava ya vali, mlio unabadilika. Naukunja kwa kidole gumba. Upande wa chini, usioonekana, ufa unafunguka kama mdomo. Mpira mpya, throto (mlango wa hewa ya injini) nikaisugua masizi, RPM, mizunguko ya injini kwa dakika, ikakaa 750.

Saa 10 jioni. Mwalimu anakuja. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Imepona?" Namwonyesha waya na mpira. Ananyamaza, kisha anafungua buti na kutoa pampu yake ya zamani, kaihifadhi kwenye mfuko. Naigusisha kwenye betri sekunde mbili. Inaunguruma, nzima.

Nikaifunga kwenye gazeti, nikamrudishia. Akiba hiyo, asiitupe.