Mafia kwa basi na feri: nilivyofanikiwa kupiga mbizi Mlango wa Kinasi nikitokea Dar

Nikiwaambia watu hapa Dar kwamba napiga mbizi na mtungi wa hewa kule Mafia, wengi wanajua hayo ni mambo ya watalii na ndege ndogo, na hilo ndo linaniuma maana ile bahari ni yetu na mtu wa mshahara wa kawaida anafika kabisa akijipanga.

Kujifunza nilijifunza hapa hapa, maji ya kisiwa cha Mbudya. Shida yangu ilikuwa masikio, na nadhani wengi wanaishia hapo. Ukishuka mita 10 tu presha inakuwa mara mbili ya ile ya juu, kwa hiyo mita za mwanzo ndo mbaya kuliko zote, yaani mtu anapambana mita ya tatu anasema siwezi, kumbe akipita pale kwa utulivu huko chini kunakuwa rahisi zaidi. Mwalimu wetu alinizoesha kuminya pua na kupuliza taratibu kabla hata kichwa hakijaingia majini, halafu nashuka miguu ikitangulia nimeshika kamba ya nanga, kila nikishuka kama urefu wa mkono narudia, nisisubiri maumivu. Sikio moja likigoma napanda kidogo, nainamisha shingo ili lile lililogoma liangalie juu, napuliza tena, nasikia kitu kama "tii" ndani, limefunguka, naendelea. Kupuliza kwa nguvu hapana. Na ukiwa na mafua usiingie kabisa, hata kama umeshalipia.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975 lakini baruti za kuvulia samaki zimepigwa sana ukanda huu, kuna sehemu unaona matumbawe yamelala kama vifusi. Inatia uchungu. Ndo maana nilitaka Mafia, hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, ya mwaka 1995, kilomita za mraba 822.

Safari yenyewe: basi linatoka Mbagala Rangi Tatu, mnashika Kilwa Road, mnapita Mkuranga, mbele huko mnakunja kushoto kushuka Nyamisati, halafu feri mpaka Kilindoni. Ratiba ya feri ulizia kabla hujatoka nyumbani. Kilindoni nikachukua bodaboda mpaka kijiji cha Utende, kando ya Ghuba ya Chole, njiani kuna geti la hifadhi, beba kitambulisho cha NIDA kwa sababu Mtanzania analipa kiingilio kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Na kuna faida ya njia hii watu hawaifikirii: ukishapiga mbizi siku mfululizo unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, maana mwilini inabaki naitrojeni na kule juu presha ikishuka inaweza kutengeneza mapovu. Ukirudi kwa feri na basi uko karibu na usawa wa bahari muda wote, kwa hiyo ile siku ya mwisho wengine wanakaa ufukweni kusubiri ndege, wewe bado unaweza kuingia majini asubuhi.

Ila kilichonifanikisha hasa ni kuhesabu mwezi. Ghuba ya Chole imezungukwa na visiwa, Chole, Juani na Jibondo, na maji yote yale yanaingia na kutoka kwenye milango michache, mmojawapo ndo Kinasi. Bamvua, yaani mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hebu fikiria nguvu inayopita pale mlangoni. Nikapanga likizo iangukie maji mafu, yaani siku ambazo maji yanapanda na kushuka kidogo, kama siku ya saba hivi ya mwezi mwandamo. Nilipofika nikamsalimia nahodha, mzee wa pale pale, nikamuuliza kesho saa ngapi, akasema, "Mwanangu, Kinasi haiendewi maji yakitoka, tunangoja yaanze kujaa." Maana yake ni kwamba maji yakijaa mkondo unakusukuma ndani ya ghuba, hata ukipotea boti inakuokota kwenye maji yaliyotulia, yakitoka unapelekwa bahari kuu. Hiyo elimu kwenye kitabu changu cha kozi ilikuwa nusu ukurasa, yule mzee anaishi nayo.

Tukashuka kwenye ukuta wa matumbawe, tukabaki kwenye mita 15 mpaka 18 kwa sababu cheti changu cha kupiga mbizi kinaishia hapo. Nina mkanda mwekundu kwenye maski ya akiba, chini kule ukawa wa kahawia iliyokolea karibu na nyeusi, nikaumulika tochi ukarudi mwekundu palepale! Rangi nyekundu ndo ya kwanza kumezwa na maji. Kwenye ufa kulikuwa na chewa mkubwa mwenye madoa, ametulia, mashavu yanafunguka na kufunga, visamaki vidogo vinamsafisha hadi ndani ya matamvua na wala hana habari na sisi. Kolekole wakapita kundi zima juu yetu. Kupanda tukapanda polepole, tukasimama mita 5 dakika tatu huku mkondo unatubeba, boti ikatufuata.

Papa potwe ni habari nyingine, hao wako upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, na unawaona kwa maski na fini tu bila mtungi, usiwaguse. Oktoba ndo na kuta za nje ya ghuba zinaanza kuingilika, kipindi cha upepo wa kusi mawimbi yanakulazimisha ubaki ndani. Mimi nimeshaomba likizo ya Oktoba, bei ya boti tukigawana inashuka, kwa hiyo mwenye cheti na masikio yasiyo na mafua aangalie tarehe za maji mafu tuondoke pamoja Rangi Tatu.