Kumtafuta Babu Manowari

Kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, babu wa babu yangu anajulikana kwa lakabu tu: Babu Manowari. Bibi akisimulia kwamba alichochea makaa kwenye meli ya Waingereza, na akivuta makasia ya mashua zao za doria hadi Pemba. Ami zangu wamempandisha cheo, wanamwita nahodha. Mimi hilo silikubali. Watu wa pwani walioajiriwa kwenye manowari wakiitwa Masidi, na wakubwa wao wa karibu walikuwa serahangi na tandeli. Unahodha haukuwafikia.

Meli yenyewe haikunisumbua. Zama zile manowari iliyokaa Unguja mwaka baada ya mwaka ni HMS London, meli kuukuu iliyozinduliwa 1840 na kupigana Sevastopol 1854. Ilitia nanga hapa 1874, mashua zake zikisaka majahazi ya watumwa baada ya mkataba wa Sayyid Barghash wa 1873 wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini.

Magazeti ndiyo yaliyonichosha. Unguja haikuwa na gazeti lake hadi 1892, kwa hiyo nikasoma ya London. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulikuwa umeshafika 1879, kwa hiyo Desemba 1881 Kapteni Brownrigg, mkuu wa HMS London, alipouawa karibu na Pemba, akifukuzia jahazi lenye bendera ya Kifaransa, habari haikungoja meli ya barua. Katika kurasa nilizozipata, kapteni anasifiwa kwa kirefu. Masidi wanapita kwa jumla, kama mizigo.

Kumbe majina yamo kwenye madaftari ya mishahara. Yale ya 1872 hadi 1884 yamehifadhiwa Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, na mtoto wa ami yangu anayeishi London alinipigia picha kwa simu. Mabruki, Farjala, Songoro, tena Mabruki. Wengine wamebandikwa majina ya mzaha ya Kiingereza. Baba zao hawatajwi, na majina yale ndiyo waliyopewa watumwa wetu. Wengi wa Masidi walikuwa watumwa walioachwa huru, wakalipwa kuwakamata waliokuwa wakiwauza wenzao.

Nilipomwonyesha ami mkubwa, alizirejesha karatasi bila kuzimaliza. "Mwanangu, haya si ya kutangaza."

Kwangu mchochea makaa yule ana heshima kuliko nahodha wa kubuni. Mabruki wawili wanalingana na hadithi ya Bibi. Sasa natafuta hati za ndoa na za nyumba kwenye Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, nione ni yupi aliyebaki Ng'ambo meli ilipouzwa 1884.