Mnang'ang'ania

Saa sita usiku imepita, umeme ulikatika ukarudi, nimekaa jikoni maana ndo intaneti inashika vizuri, na mbele yangu kuna logi, ile orodha ya waliogomewa na ukuta wa seva yetu, haina kitu. Haina kitu kabisa. Na mimi mjinga nikafurahi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Ofisini tuna seva ya Apache, na mbele ya tovuti kuna ModSecurity, ukuta unaochuja maombi yanayoingia, ikiendesha zile sheria za OWASP (jamii ya usalama wa tovuti), Core Rule Set, sisi tunaita CRS tu. Tulikuwa toleo la 3.3 toka siku nyingi. Toleo la 4 limetoka Februari 2024, mimi kila mwezi naandika kwenye daftari "hamisha CRS", mwezi unaisha, nanakili kwenye ukurasa mwingine, mwezi unaisha. Safari hii bosi kauliza kwenye kikao mbele ya watu, ikabidi.

Sasa, aliyekuwepo kabla yangu aliniachia kiwango cha paranoia 3, yaani ukali wa ukuta. Viwango viko vinne, cha 1 ndo cha kawaida, kadri unavyopanda ukuta unakamata zaidi ila pia unawapiga wasio na hatia. Na kiwango cha 3 kwenye fomu inayojazwa kwa Kiswahili ni mateso, sitanii. Kuna sheria namba 942511, kazi yake ni kutafuta maandishi yaliyobanwa kati ya ritifaa (') mbili, kuanzia herufi 2 mpaka 29, maana wanaochokonoa database hupenda kuchomeka vitu vyao hivyo. Halafu mteja anakuja anaandika: "Mbona mnang'ang'ania barua ya serikali ya mtaa wakati nishaleta?" Liangalie hilo neno taratibu. Kati ya ritifaa ya kwanza na ya pili kuna "ang". Herufi tatu. Ombi linapewa pointi 5, kikomo chetu cha kumzuia mtu nacho ni 5, mteja anapewa 403, yaani kagomewa. Yaani mtu kaja kulalamika tunamsumbua na sisi tunamfungia mlango usoni! Anayeitwa Ng'ang'a alikuwa hawezi hata kujaza jina lake. Ng'ombe ana ritifaa moja tu, ng'ombe anapita.

Dada wa huduma kwa wateja alikuwa ananipigia, "kaka, kuna mwingine kagomewa huku", mimi naingia naongeza mstari wa msamaha, yaani kuiambia sheria iiruke sehemu hiyo ya fomu, kesho anapiga tena kwa fomu nyingine naongeza mwingine, na hivyo ndivyo faili la misamaha lilivyonenepa mpaka hakuna anayelielewa nikiwemo mimi niliyeliandika.

Kwa hiyo mpango wangu wa kuhama ulikuwa mzuri, bado nautetea. Kwenye seva ya majaribio nishushe toleo la 4, nichukue crs-setup.conf yetu ya zamani, lile faili la mipangilio, niiweke folda jipya, misamaha yote niizime kwanza, halafu nirushe maombi ya zamani tuliyoyahifadhi nione ni misamaha ipi bado inahitajika, maana wale jamaa wamerekebisha sheria nyingi, huenda nusu ya lile faili ni takataka.

Configtest, ukaguzi wa mipangilio wa Apache, ikasema Syntax OK. WordPress, tunayoandikia makala za tovuti, ndo ikaanza kupiga kelele, mhariri akibonyeza kuhifadhi makala anapata 403. Hii niliimaliza ndani ya saa moja: zamani uliwasha tu tx.crs_exclusions_wordpress, misamaha ya WordPress iliyotengenezwa tayari, toleo la 4 limeitoa ikawa plagini ya kushusha pembeni, na faili zake lazima uziinclude kwa mpangilio, za config na before zitangulie sheria, za after zifuate. Sawa. Nikaweka, ikatulia. Nikahamia kwenye fomu.

Kimya. Maombi yote yanapita, hakuna msamaha hata mmoja uliowashwa, na hakuna anayegomewa. Nikaandika kwenye grupu la kazi, "Toleo la 4 limemaliza tatizo la ritifaa", bosi alikuwa macho, akajibu "Hongera sana kijana."

Nikainuka kuosha kikombe. Na pale kwenye sinki ndo swali likanijia, hivi walirekebisha vipi? Maana sheria inayotafuta kitu kati ya ritifaa mbili utairekebishaje ijue Kiswahili? Nikarudi na mikono imelowa, nikagrep 942511, yaani nikaitafuta kwenye faili. Ipo. Nikatuma mnang'ang'ania kwa curl, amri ya kutuma ombi kwa mkono, ikajibu 200, yaani limepita. Sheria ipo na haifanyi kazi.

Ilikuwa ni jina tu. Kwenye toleo la 3 kiwango unakiweka kwa tx.paranoia_level, kwenye la 4 kinaitwa tx.blocking_paranoia_level. Faili langu la zamani lilikuwa linamwita mtu aliyeshabadili jina, hakuna aliyeitika, na CRS isipokuta hiyo thamani inajiwekea 1 yenyewe. Mwanzoni inakagua kama faili la setup limesomwa, na langu lilisomwa, basi, haikuwa na la kusema.

Ukuta umeshuka kutoka 3 mpaka 1 na mimi nimepewa hongera. Hicho ndo kimeniuma kuliko kosa lenyewe. WordPress ilivunjika ikapiga kelele, nikaitengeneza. Hii nyingine ingeingia kwenye seva ya kweli, wateja wangefurahi, simu za dada zingekoma, na mimi ningekuwa shujaa wa robo ya mwaka.

Asubuhi nikamfuata bosi, nikamwambia naomba ile hongera niirudishe. Akacheka, kisha akauliza swali zuri, kama kiwango cha 1 hakimsumbui mtu, 3 ya nini? Kwa kweli naona 2 ya kuzuia ingetutosha, na tx.detection_paranoia_level, kiwango cha kuandika tu bila kuzuia, ibaki 3 ili logi ituonyeshe nini kingekamatwa. Ila hilo tukae tuamue tukiwa macho, lisije likaamuliwa na jina la variable saa sita usiku. Kwa sasa nimerudisha 3.

Na crs-setup.conf nimeanza upya na ile ya mfano ya toleo la 4, nahamisha thamani moja moja kwa mkono, kazi ya kuchosha aisee, nimeshakuta nyingine mbili ambazo hakuna anayezisoma tena.

Jumamosi nahamisha ya kweli. Kipimo cha kwanza nishakiandika: mnang'ang'ania itumwe mara mbili, kwenye sehemu ya maoni ipite, kwenye sehemu ya namba ya simu igomewe.