Karabai ya Kaka

Desemba 2009 umeme unaokuja Unguja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Ilikuwa mara ya pili. Mei 2008 tulishawahi kukaa karibu mwezi mzima hivyohivyo, kwa hiyo safari hii wengi tulisema tutavumilia wiki mbili tatu, yatapita. Wiki zikapita, giza likabaki. Pampu za maji nazo zilisimama. Wanaoishi juu kwenye majumba ya Michenzani wakawa wanapandisha maji kwa ndoo, na alfajiri unakuta madumu yamepangwa foleni kwenye kila kisima kinachotoa kitu.

Marehemu kaka yangu alikuwa fundi wa mafriji. Bila umeme hakuna anayejua kama friji yake nzima au mbovu, basi alifunga kibanda chake akarudi nyumbani na sanduku la vifaa. Mimi wakati ule nilikuwa nakaanga kachori na bajia za kuuza pale mlangoni, za kupatia hela ya sabuni na sukari. Nilikuwa nikisema "vile vikaango vyangu". Wa kwanza kuiita biashara ni yeye.

Jioni moja ya Januari alikaa karibu na jiko langu, kimya, akiangalia njia. Halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, hivi watu usiku huu wanakula nini?"

Nikamwambia watu wanakula kama sisi, wanachokipata.

"Samaki hawezi kulala tena, hana pa kuwekwa. Mkaa umepanda. Mtu atapika saa ngapi, na kibatari? Wewe pika urojo, sufuria moja nzima. Taa niachie mimi."

Taa yenyewe ilikuwa karabai ya mama, imelala uvunguni tangu siku za harusi za zamani, imeota kutu shingoni. Aliitandikia gazeti sakafuni akaifungua yote. Alisuuza tangi kwa mafuta ya taa, akazibua kijitundu cha juu kwa uzi mmoja wa waya, akakata kipande cha ngozi kutoka kwenye kiatu kikuukuu akakitia kwenye pampu badala ya kile kilichokauka. Alikipaka mafuta yangu ya kupikia ili kilainike. Nilikuwa napita na kupita, sina hakika kama itawaka, naye hakunyanyua uso mpaka skrubu ya mwisho ilipokaza. Ndivyo alivyokuwa na kila kitu kibovu alichokishika, na mtu aliyekuwa anamwona tu akipita na pikipiki yake hawezi kuijua subira ile.

Kesho yake tulipika. Ukwaju niliufuata Darajani. Embe mbichi zilikuwa zimejaa, ndiyo miezi yake, nikazichemsha na chumvi na manjano, nikakoroga unga wa ngano kwenye maji ya baridi kwanza usifanye madonge, nikaumimina huku mwiko haupumziki. Urojo ukikuacha hapo umekwisha, utakuwa uji. Viazi vilichemka pembeni, muhogo wa chipsi nikaukata mwembamba. Kilichonitisha ni chatne ya nazi. Chatne siku hizo tulishazoea kusaga kwa mashine, na mashine ilikuwa inanitazama tu pale kabatini.

Kaka akaenda akaleta mbuzi, akakaa juu yake uani, akaanza kukuna nazi. Mwanamume mzima, fundi anayejulikana mtaa wa pili na wa tatu. Majirani waliokuja kuchota maji walimcheka waziwazi: "Fundi, umehamia jikoni?" Akawajibu bila kusimamisha mkono, "Nazi haijui nani anaikuna." Kisha akaitwanga kwenye kinu na pilipili, kitunguu saumu na ndimu, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Chatne yake ilikuwa na chembechembe kidogo ambazo mashine inaziua. Mpaka leo yangu inatwangwa, na wateja wanaoelewa wanaijua.

Baada ya Maghribi akaipiga pampu ile karabai na kuitundika kwenye msumari juu ya baraza. Ilitoa mwale wa manjano, ikakohoa, halafu ikatulia ikawa nyeupe na ule mvumo wake. Mtaa wote ulikuwa mweusi. Watu wakaanza kutoka vichochoroni, wengine hata hawana habari ya chakula, wamefuata mwanga tu. Wazee wakakaa barazani na tasbihi zao. Watoto wakaja na madaftari ya skuli, wakalala kifudifudi kwenye saruji, wakaandika.

Nami moyo ukanipanda. Baraza imejaa, wanaonunua wachache, wateja wenyewe hawana pa kukaa. Nikamnong'oneza kaka awaambie watoto wasogee.

"Waache," akasema. "Anayekaa ataona njaa."

Na kweli waliona njaa. Mzee mmoja alianza kwa kuomba aonjeshwe supu peke yake. Kaka akamwambia, "Shikamoo babu, shika bakuli zima, utanipa siku ukiwa nazo." Mzee akala, akamwita mwenzake. Akina mama wakatuma watoto na mabakuli ya nyumbani. Kaka ndiye aliyekuwa akipanga: kachori, bajia, kiazi, urojo juu yake, chatne, chipsi mwisho zisilowe mapema, halafu anamtazama mtu usoni na kuuliza, "Pilipili ya mtoto au ya mtu mzima?" Nilimwona akimuuliza hivyo hata mama mmoja mwenye hasira zake za maji, na yule mama akacheka.

Sufuria ilikwisha muda mfupi baada ya Isha. Nikaanza kukusanya vyombo nikitegemea atazima taa, maana mafuta ya taa nayo yalikuwa yanauzwa kwa bei ya kuumiza. Alichofanya ni kuipiga pampu upya. Watoto walikuwa hawajamaliza hesabu zao.

Wa mwisho alipofunga daftari, tuliingia ndani na hela kwenye kanga. Akazigawa mafungu matatu mkekani. Hili la kesho, hili la nyumbani. La tatu akalisukuma kwangu. Nikauliza ni la nini.

"La sufuria kubwa zaidi."

Lake hakutoa, wala siku zilizofuata. Nikimlazimisha anachukua ya vocha, basi.

Umeme uliporudi Machi alirudi kwenye mafriji yake, na kazi ilimwelemea, maana mafriji mengi yaliharibika kwa kukaa. Watu walifikiri urojo wetu ungezimika pamoja na karabai. Haukuzimika. Leo nina mahali pangu penye meza, na wasichana wawili wananisaidia.

Kaka alifariki 2017 kwa maradhi ya figo. Sitayaeleza ya hospitali hapa. Aliugua kwa utulivu na tulimzika alasiri, watu wengi mno.

Mwaka jana alikuja mteja wa kutoka Pemba, aliyewahi kupanga chumba mtaani kwetu wakati wa lile giza. Akaagiza, akaangaza huku na huku, akauliza, "Yule kaka aliyekuwa akikuna nazi yuko wapi?" Nikamwambia. Aliweka kijiko chini, akamwombea dua, tukakaa muda tukizungumza. Ndipo akanihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: usiku mmoja alimsifu kaka kwa biashara yake nzuri, na kaka akamkatiza, "Biashara ya mdogo wangu hii. Mimi kibarua tu, nasubiri umeme."

Nilimwomba anirudilie maneno hayo, na akanirudilia.